Muhuri Nyuma ya Picha

Mwanangu alipomaliza kidato cha sita alisema anataka kwenda chuo kusomea upigaji picha, nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mbele ya mteja aliyekuwa kwenye kiti akisubiri nimnyooshe kola. Nikamwambia, "Kusomea nini tena? Si hii hapa unaifanya tangu una miaka kumi?" Mteja naye akacheka, maana wateja wa Kariakoo hucheka na mwenye duka wakitaraji kupunguziwa. Mwanangu hakucheka. Alizima taa moja, akaiwasha tena, akasema, "Hii siyo, mama."

Neno hilo lilinichoma, na sikulisahau. Duka letu liko Mtaa wa Kongo, kwa ndani, chumba kimoja nyuma ya duka la madera. Baba yake alilifungua kabla hajanioa, akaniachia alipofariki: mapazia mawili, la bluu la pasipoti na jeupe la viza za wanaokwenda China kuchukua mzigo, taa mbili, kiti cha kuzunguka, kioo kidogo pembeni, na koti moja la suti lenye tai iliyokwisha fungwa, ambalo nadhani limeshavaliwa na nusu ya wanaume wa jiji hili. Kwa duka hilo nimezika, nimelea, nimesomesha. Halafu mtoto niliyemlea kwa picha ananiambia hizi siyo picha.

Na kuna muhuri. Marehemu aliwahi kukuta picha ya bibi harusi, aliyoipiga yeye kwa mkono wake, imetundikwa kwenye dirisha la studio nyingine mtaa wa pili, kama vile ni kazi yao. Alirudi dukani amewaka hasira. Kesho yake akaenda kwa mchonga mihuri, akarudi na muhuri wa mpira wenye maneno IMEPIGWA NA, kisha jina la duka na namba ya simu. Tangu siku hiyo picha ikitoka kwenye printa inakatwa, inageuzwa, inagongwa. Kwanza muhuri, ndipo bahasha. Hata picha yake ya msibani, ile tuliyoichapa ya kuwapa ndugu, niligonga nakala zote, na wala sikujua mikono yangu inafanya nini mpaka wifi yangu aliponishika kiganja.

Muhuri huo ulikuwa unatuletea simu. Karani wa ofisi fulani akiona sikio limefichwa na ushungi, au bluu imekuwa nyepesi mno, anageuza picha na kupiga ile namba. Picha hii mmepiga nyinyi? Ndiyo, tumepiga sisi, kama ina kasoro mrudishe mteja, namrudia bure. Nimejibu hivyo miaka na miaka. Hata ukiniamsha usingizini nitakujibu hivyohivyo.

Basi tukaanza kuzunguka kutafuta chuo. Cha kwanza nilikichagua mimi. Kiko ghorofa ya tatu, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja, juu ya duka la vitambaa. Ubao wa mlangoni ulitangaza kompyuta, uhazili, hoteli, ufundi simu, urembo na, kwa chini kabisa, kwa rangi nyingine, picha. Mkurugenzi alitupokea mwenyewe, akatufutia viti kwa leso. Alisema mara tatu kwamba cheti chao kinatambulika, bila kutuambia kinatambuliwa na nani. Mwanangu akaomba kuona kamera. Funguo zikatafutwa. Baada ya muda mrefu ikaletwa kamera moja ndani ya mfuko wa nailoni, haina betri.

"Wanafunzi wote wanatumia hii hii?" mwanangu akauliza.

"Wanapokezana," mkurugenzi akasema. "Inawajenga kuwa na subira."

Mimi nilikipenda chuo kile. Masomo yalikuwa yanakwisha saa sita mchana, na kutoka pale mpaka dukani ni mwendo wa mguu. Angekuwa anafika wakati foleni ya mchana inaanza.

Cha pili kilikuwa Posta, kwenye jengo la vioo, mapokezi yana kiyoyozi na maua ya plastiki. Dada wa mapokezi akatupa kipeperushi chenye picha ya vijana wanacheka huku wameshika kamera. Mwanangu aliitazama sana, kisha akaninong'oneza, "Mama, hebu angalia hapa dirishani, nyuma yao. Hiyo ni theluji." Tulishuka ngazi tukicheka mpaka mlinzi akatushangaa. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu sikumbuki kingine cha namna hiyo baada yake.

Cha tatu alikitafuta mwenyewe. Kilikuwa nje kabisa ya mji, nyumba ya chini yenye ua wa mchanga, na wanafunzi walikuwa wanakaa hukohuko. Hakukuwa na kipeperushi wala dada wa mapokezi. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mtu mzima, mvi zimeanza, amevaa kandambili. Picha za wanafunzi zilikuwa zimebanwa kwenye kamba uani kama nguo zilizofuliwa. Sikuzielewa hata moja. Mmoja alikuwa amepiga ndoo tatu na kivuli chake.

Mwanangu akamwamkia shikamoo, mwalimu akaitikia marahaba, kisha wala hakumwuliza matokeo. Alimwuliza, "Unapenda kupiga nini?"

"Watu," mwanangu akasema. "Kabla hawajawa tayari."

Yule mama akamtazama kwa mara ya kwanza kisawasawa. Akatueleza utaratibu wao. Kila mwombaji alete picha kumi na mbili alizopiga mwenyewe, za karatasi, maana kwenye simu kila mtu ana picha elfu na yeye anataka kuona mtu amechagua zipi. Nyuma ya picha paandikwe namba tu, kwa penseli. Jina liwe kwenye fomu. Anachukua wanafunzi kumi na wanne, hakuna wa kumi na tano, na hakuna wa kubebwa.

Njia nzima ya kurudi mwanangu alikuwa anaongea. Mtoto huyu kwa kawaida ukimwuliza habari za chakula anakujibu kwa kichwa. Siku hiyo aliongea habari za mwanga, za ile ndoo na kivuli, za chumba alichokiona chenye pazia zito, mpaka tunafika alikuwa amekauka sauti. Mimi nilimjibu kwamba kule kuna mbu.

Wiki zilizofuata nilimpa sababu zote isipokuwa ya kweli. Nilisema mbali. Nilisema watoto wa kike wanaharibikiwa wakikaa mbali na nyumbani. Nilisema mwalimu gani anapokea wageni kwa kandambili. Baba yake mkubwa alipopiga simu kusalimia nikamtia maneno mdomoni, naye akamwambia mtoto kwamba marehemu hakusomea picha na alikula mjini. Sababu ya kweli ilikuwa macho yangu. Yalikuwa yameanza kuniacha. Picha nilikuwa nakata kwa kukisia, nikiona mstari mmoja ni miwili, na niliogopa kubaki peke yangu mle ndani na kikatio, na simu, na watu wenye haraka. Hilo sikulisema. Ningelisema asingekwenda, na mimi nilitaka asiende bila mimi kuwa nimemzuia.

Yeye akaendelea na picha zake. Alizipiga mle mle dukani, kwa kamera ya duka, karibu na kile kioo kidogo. Aliwapiga wateja wanapojiandaa, akiwaomba ruhusa, nao wengi wakasema poa tu. Kuna mzee aliyekuwa anatia mate kidoleni na kulaza nyusi. Kuna mfanyabiashara wa viatu anajaribu uso wa viza, uso wa mtu asiye na nia mbaya na nchi ya watu. Kuna mama mmoja anafuta rangi ya mdomo kwa pembe ya mtandio kwa sababu kitambulisho kitaonwa na mumewe. Na kuna mimi. Nimekaa kwenye kiti cha wateja, viatu nimevua, mdomo wazi kidogo, natazama ukuta.

"Hii itoe," nikamwambia.

"Hii ndiyo kali kuliko zote, mama."

"Nimekaa kama mtu aliyefiwa."

"Si ulifiwa?" akasema taratibu, akairudisha kwenye fungu lake.

Alichapa zote kumi na mbili siku ya Alhamisi, mchana, kesho yake ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka. Akaziandika namba kwa penseli, akazipanga mezani kwa mpangilio wake, akatoka kwenda kutoa kopi ya matokeo. Duka lilikuwa limejaa. Wateja watatu walikuwa wanadai picha zao kwa mpigo, mmoja anatishia kuachwa na basi la mkoani. Nikachapa, nikakata, nikageuza, nikagonga. Nikasogeza mkono upande wa pili wa meza, nikageuza, nikagonga, nikageuza, nikagonga. Zilipokwisha, za mwanangu nikazitia kwenye bahasha ya kaki, nikaipaka gundi, nikaandika jina la chuo kwa herufi kubwa. Niliona hata fahari kidogo, kwamba pamoja na kutokukubali kwangu nimemsaidia.

Aliporudi akaikuta bahasha imefungwa. "Umeziweka mwenyewe?"

"Nimeshamaliza. Kimbia, nenda ukaziwahishe leo leo."

Akanibusu mkono, akatoka mbio. Jioni nikafuta kadi ya kamera, kama nilivyokuwa nafanya kila jioni kabla hajaniomba nimwachie picha zake mpaka azichape, ili kesho tuanze upya. Kompyuta hatuna, printa yetu inachapa kutoka kwenye kadi, na kadi ikijaa kamera inagoma mbele ya wateja.

Jumanne iliyofuata simu ya duka ikaita. Sauti ya mwanamke, yenye adabu, ikasema anapiga kutoka chuoni na ana picha zenye muhuri wetu. Vyuo hunipigia sana msimu kama ule, kwa sababu kila fomu ina pasipoti. Akauliza kama picha hizo zimepigwa na duka letu.

"Ndiyo, tumepiga sisi."

"Zote?"

"Zote, mama. Picha yenye muhuri wetu tumepiga wenyewe, hapa hapa dukani. Kama ina kasoro mrudishe mteja, namrudia bure."

Nikasikia karatasi zikigeuzwa. Kisha akasema, "Hapana, hazina kasoro. Ahsante." Nikakata simu, nikamwambia mteja wangu ainue kidevu.

Ijumaa mwanangu alikwenda kusoma majina ubaoni, hakuliona lake, akaomba kuonana na mwalimu. Alirudi saa tisa. Duka lilikuwa na watu, akasubiri hadi wa mwisho akatoka, kisha akasema, "Mama, uligonga muhuri?"

Sikuhitaji kuuliza muhuri gani. Nikakaa kwenye kile kiti cha wateja.

Akanieleza bila kulia. Mwalimu alikuwa amezipenda picha, amezipanga za kwanza kabisa. Ndipo akazigeuza. Akaona maandishi, akapiga namba iliyopo, mwenye duka akamthibitishia kwa mdomo wake kwamba picha zote ni za duka. "Nikamwambia duka ni letu, na aliyepokea simu ni mama yangu. Akasema, basi mama yako ndiye mpiga picha, na ni hodari sana, mpelekee salamu zangu."

"Hukumwambia ni wewe?"

"Nilimwambia. Akasema nimletee kadi, aone nyingine nilizopiga siku zile."

Wote wawili tukaitazama kamera.

"Lakini ile yangu," nikasema. "Ile niliyokaa hapa. Mimi ningejipigaje?"

"Hakujui, mama. Hajui kuwa ni wewe. Siku ile tulipokwenda ulijifunika mpaka puani kwa ajili ya vumbi." Akavuta pumzi. "Amesema ukienda mwenyewe, kabla ya Jumatano jioni, atakusikiliza. Nafasi moja hajaijaza."

Nikamwambia, "Jumatatu asubuhi naenda." Nilimaanisha. Siku ile ningeweza kwenda hata kwa miguu.

Jumatatu foleni ilifika kwenye madera. Watu wa leseni, watu wa fomu za vyuo, kila mmoja anataka sasa hivi. Nikasema kesho. Jumanne printa ilikwama karatasi, fundi akachelewa, nikasema Jumatano ndiyo siku yenyewe hasa. Jumatano nilivaa baibui, mkoba begani, nikawa nimeshafika mlangoni. Wakaingia watu tisa kwa pamoja, wafanyabiashara, viza za China wote. Mwanangu alikuwa pale. Angeweza kuwapiga yeye, tena vizuri kuliko mimi. Alinitazama, akangoja niseme hivyo. Nikaushusha mkoba, nikavuta pazia jeupe.

Hakuna aliyenizuia. Naandika hivi kwa sababu kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba ni kazi iliyonizuia.

Alhamisi nikaenda, peke yangu. Masomo yalikuwa yameanza, na nafasi ya kumi na nne alikuwa amepewa kijana kutoka Tanga. Mwalimu akaifungua bahasha, akachambua, akaitoa picha yangu, akaishika mkabala na uso wangu. Alitazama huku, akatazama kule.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Kapiga yeye."

"Kapiga yeye. Wallahi."

Akaiweka chini taratibu. Nilitamani anigombeze, nipate pa kumrudishia. Nilikuwa nimeshaandaa maneno njia nzima, kwamba yeye ni mwalimu wa namna gani anayeamini karatasi kuliko mtoto, na kwamba mtu mzima hapigi simu moja akakata maisha ya watu. Hakunipa nafasi. Alisema tu, "Mama, jana niliwasubiri mpaka magharibi." Kisha akanirudishia bahasha, akasema mtoto ajaribu tena mwakani, na akanisindikiza mpaka kwenye lango kwa kandambili zake.

Nikiwa njiani kurudi nilisikia kifua kimekuwa chepesi. Nilikitafuta kilichonifurahisha, nikakiona, nikaona aibu, na furaha yenyewe haikuondoka. Nilifurahi kwamba kesho asubuhi mtoto angekuwepo kukata picha.

Wiki ileile nikamwandikisha ng'ambo ya Mnazi Mmoja, ghorofa ya tatu. Alikubali. Alisoma mwaka mzima akipokezana ile kamera moja, na ilipopata betri ilikuwa imekosa kitu kingine. Mwaka mwingine ulipofika nikamkumbusha kuhusu chuo cha mbali, nikamwambia safari hii sigusi kitu. Akasema, "Nimeshasoma, mama." Cheti chake nimekitundika juu ya kioo. Kinatambulika na wateja wanaosubiri foleni.

Sasa duka analiendesha yeye, mimi nakaa tu kupokea watu. Anapiga haraka, anakata bila kukosea, hakuna karani anayetupigia simu. Karibu na kile kioo hajampiga mtu tena. Mteja akijitengeneza yeye hutazama simu yake mpaka mtu aseme nipo tayari.

Kuna siku moja uvumilivu ulinishinda. Hatukuwa na mteja. Nikamwambia, "Mwanangu, nakuapia, ule muhuri sikukusudia."

"Najua," akasema. "Muhuri najua hukukusudia."

Akaendelea kukata. Nilingoja aseme kuhusu Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano ya wale watu tisa. Hakusema, nami sikuwa na la kuapa.

Bahasha ninayo nyumbani, chini ya nguo. Nilijaribu kufuta muhuri nyuma ya ile picha yangu kwa pamba na spiriti. Wino wa zambarau ukasambaa, ukapenya mpaka upande wa pili, sasa nina doa shavuni. Maneno bado yanasomeka.

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja kuchukua pasipoti zake. Akaziangalia, akaangalia tena, uso ukamchanua. "Jamani, maisha yangu yote sijawahi kutoka hivi. Nani kapiga?"

Nikafungua mdomo nimwonyeshe mwanangu kwa kidole. Yeye akaniwahi.

"Duka," akasema. Akazichukua zile picha mkononi mwa yule dada, akazigeuza, akagonga muhuri, akazitia kwenye bahasha.